Kioo cha kompyuta kikizima wakati wa kuwaka, usikimbilie kufuta mafaili

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

KATIKA steshenari na ofisi ndogo za Kariakoo, siku ya kazi huanza kwa kubonyeza swichi ya kompyuta. Zipo siku ambazo feni huunguruma, nembo ya kiwanda huonekana, kisha kioo huwa cheusi na kuandika “No Signal”, yaani hakuna ishara ya picha inayofika.

Hapo ndipo wengi huibeba kompyuta hadi kwa fundi au hununua monita nyingine iliyotumika. Wapo pia wanaoambiwa kwamba dawa ni kufuta kila kitu na “kupiga Windows” upya. Hesabu za duka, kazi za wateja na kumbukumbu za kodi huweza kupotea hivyo, kumbe kilicholegea kilikuwa waya tu.

Kioo cheusi pekee si ushahidi kwamba mafaili yamepotea. Mafaili hukaa kwenye diski; monita huonyesha tu picha inayoletewa. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: picha ilipotea wakati gani?

Picha isipotokea kabisa

Zima kompyuta, chomoa umeme, kisha kagua waya wa picha. Waya wa VGA, mfumo ulioletwa na IBM mwaka 1987, una skrubu mbili za kukaza na pini nyembamba ambazo hupinda kwa urahisi. Hakikisha pia kuwa monita imechaguliwa kusoma tundu lililochomekwa waya, iwe VGA au HDMI.

Kompyuta iliyoongezewa kadi ya picha huwa na matundu ya picha sehemu mbili. Kwa kawaida waya huchomekwa kwenye kadi hiyo, si kwenye ubao mkuu.

Azima monita ya jirani uijaribu. Nayo ikibaki nyeusi, bonyeza kitufe cha Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima, huenda kompyuta inafanya kazi na kasoro iko kwenye njia ya picha. Isipoitika, huenda kompyuta haijamaliza kuwaka, na RAM ni miongoni mwa vitu vya kukaguliwa. Vumbi na hewa yenye unyevu ya pwani huchafua miguu yake. Umeme ukiwa umechomolewa, itoe, isugue taratibu kwa raba kavu ya kufutia penseli, kisha irudishe hadi ibane.

Picha ikipotea baada ya nembo ya Windows

Hapa waya na RAM si washukiwa wa kwanza. Kompyuta inapoanza kuwaka hutuma picha ya kiwango cha chini ambacho karibu kila monita hukimudu. Windows ikishika usukani, hutumia kiwango kilichopangwa awali. Monita za zamani zenye mgongo mara nyingi zilipangwa kurudia picha mara 85 kwa sekunde, wakati nyingi bapa za ofisini huishia 75. Aliyebadilisha monita anaweza kukutana na maneno “Out of Range”, yaani kiwango kimepita uwezo.

Chomeka monita inayokubali, kisha shusha kiwango hadi 60. Katika Windows XP na Windows 7, unaweza kubonyeza F8 mfululizo kabla ya nembo na kuchagua hali salama. Katika Windows 10 na 11, jaribu kubonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B ili kuamsha upya draiva ya picha. Ikiwa tatizo lilianza baada ya kubadilisha draiva, rudisha ile ya awali.

Kompyuta nzima ikizima

Ikiwa kompyuta nayo inazima au kujiwasha upya, shuku umeme. Mashine ya kutoa nakala huvuta umeme mwingi inapopasha moto, hivyo usiiweke kwenye waya mmoja wa kuongezea na kompyuta. Tatizo likiendelea, huenda kisanduku cha umeme ndani ya kompyuta kimechoka.

Tahadhari: usifungue kisanduku hicho wala monita yenye mgongo. Huweza kubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa.

Ukilazimika kwenda kwa fundi, mweleze picha ilipotea hatua gani, na mtake anakili mafaili kwenye diski nyingine kabla ya kugusa Windows. Monita hununuliwa tena dukani, lakini daftari la madeni lililofutwa haliuzwi popote Kariakoo.