Hesabu ya Majibu na Uzito wa Hoja: Maoni ya Umma na Sheria ya Ponografia ya Kupindukia Uingereza

Agosti 2005, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza na Serikali ya Uskoti zilitoa waraka wa kukusanya maoni ya umma kuhusu pendekezo la kufanya umiliki wa ponografia ya kupindukia kuwa kosa la jinai, yaani picha za ngono zenye ukatili mkubwa, wanyama au maiti. Sheria ya Machapisho Machafu ya 1959 ilimbana mchapishaji na msambazaji. Lakini kwa kuwa intaneti ilimwezesha mchapishaji kukaa ng'ambo, serikali ilikusudia kumgeukia mtazamaji. Majibu 397 yalipokelewa, na 241, sawa na asilimia 61, yalikana haja ya sheria kali zaidi. Hata hivyo, Agosti 2006 serikali ilitangaza kwamba ingeendelea, na kosa hilo likawekwa katika kifungu cha 63 cha Sheria ya Haki Jinai na Uhamiaji ya 2008. Wapinzani walilalamika kuwa wengi wamepuuzwa. Makala haya yanadai kuwa kasoro ilikuwa kwingine: hoja za pande mbili hazikupimwa kwa mizani moja.

Maoni ya umma si kura. Wanaojibu hujitokeza wenyewe, tena mara nyingi kwa kuhamasishwa, na watu 397 hawawezi kuwakilisha taifa zima. Ndiyo maana mahakama za Uingereza, tangu kesi ya Gunning ya 1985, hazidai serikali iwafuate walio wengi. Zinadai iwashirikishe watu kabla haijafunga uamuzi, kisha iyatafakari maoni yao kwa dhati. Lakini kanuni hiyo hukata pande zote. Ikiwa wingi wa wapinzani haukuwa na uzito, basi saini zaidi ya 50,000 za ombi la kupinga picha hizo, lililofuata mauaji ya mwalimu mmoja mwaka 2003, zilizotajwa tena na tena na watetezi wa sheria, nazo zisingepaswa kuhesabiwa kuwa ushahidi. Ombi hilo lilistahili kusikilizwa kwa sababu ya hoja iliyobebwa ndani yake.

Na hoja zenyewe zilipimwaje? Waraka wa 2005 ulikiri kuwa utafiti uliokuwapo haukuruhusu hitimisho la uhakika kuhusu athari za muda mrefu za picha hizo kwa watazamaji. Wapinzani walilishika neno hilo hilo. Mapitio ya ushahidi yaliyoagizwa na serikali yalichapishwa 2007, mwaka mmoja baada ya uamuzi kutangazwa. Ushahidi unaokuja nyuma ya uamuzi huwa wakili wake, hauwezi tena kuwa msingi wake.

Hata hivyo, si kweli kwamba majibu yalipotea bure. Maneno mapana kuhusu "ukatili mkubwa" yalipunguzwa hadi vitendo vinavyohatarisha uhai au kujeruhi vibaya viungo vilivyotajwa, na ukaongezwa utetezi kwa aliyeshiriki mwenyewe katika vitendo halali vya hiari. Lililobaki ni kigezo cha picha "kuonekana" halisi, na hapo ndipo sheria ilipojikwaa. Mwaka 2009 huko Wales mtu alishtakiwa kwa video fupi iliyodhaniwa kuonyesha mwanamke na chui milia. Waendesha mashtaka waliposikiliza sauti ya video hiyo, "mnyama" akazungumza kwa mzaha wa tangazo la biashara. Shtaka hilo likaondolewa.

Wapo watakaosema kuwa madhara ya ponografia hii hayapimwi kwa takwimu. Wanazuoni Clare McGlynn na Erika Rackley wametetea sheria kwa msingi wa madhara ya kitamaduni, yaani mazingira yanayofanya ukatili wa kingono uonekane jambo la kawaida. Hoja hiyo ni nzito, na huenda inatosha kuhalalisha katazo. Lakini kama huo ndio msingi, serikali ilipaswa kuutangaza waziwazi ili wananchi waujibu, badala ya kuegemea madhara ambayo yenyewe ilikiri hayajathibitishwa. Ripoti ya maoni, basi, isiishie kwenye asilimia za waliounga mkono na waliopinga. Ionyeshe kila hoja nzito, jibu lake, na kifungu cha muswada kilichobadilika au kubaki kwa sababu yake. Hapo hata aliyeshindwa ataweza kuikagua sababu ya kushindwa kwake.