Bwana Euler na Hesabu ya Vitu Vinavyopembea

Twaona kila siku vitu vinavyopembea: taa iliyotundikwa kwa kamba, kengele ya kanisa, tawi lililoachwa na ndege. Kila kimoja huenda na kurudi, na mwendo wake hupungua hata kikatulia. Je, mtu aweza kujua kwa hesabu kitu kitapembea namna gani? Aliyeonyesha njia iliyo wazi ni Leonhard Euler. Tumeona vema tuwaeleze wasomaji habari zake, maana ndani yake mna mafundisho kwa mwalimu na kwa mwanafunzi pia.

Euler alizaliwa mwaka 1707 katika mji wa Basel, nchi ya Uswisi. Baba yake alikuwa mchungaji, naye alitaka mwanawe amfuate katika kazi hiyo. Lakini mjini humo alikuwako mwalimu mkuu wa hesabu, Johann Bernoulli. Kijana alimwendea, akaomba afundishwe peke yake. Mwalimu akakataa, kwa kuwa shughuli zake zilikuwa nyingi; walakini hakumfukuza. Alimwambia asome vitabu vigumu kwa juhudi yake mwenyewe, na kila Jumamosi alasiri aje aulize neno lililomshinda. Baadaye Bernoulli ndiye aliyemshawishi yule mchungaji amwache mwanawe ashike elimu ya hesabu. Mwaka 1727 Euler akaenda Urusi, kufanya kazi katika chuo cha wataalamu cha St Petersburg.

Sasa na tuitazame hesabu yenyewe. Tuseme tumeisukuma taa kidogo, tukaiacha. Mambo matatu yahusika: umbali wake toka mahali pa kutulia, mwendo wake, na badiliko la mwendo huo. Umbali ukiwapo, taa huvutwa irudi; na ikienda, hewa huizuia. Kwa mfano, hesabu yake yaweza kuwa hivi: badiliko la mwendo, na mwendo mara 2, na umbali mara 5, vikijumlishwa ni 0. Ugumu ni kwamba kitafutwacho si namba moja, bali umbali wa taa kwa kila nukta ya wakati.

Euler alifikiri juu ya kitu ambacho kadiri kilivyo kikubwa ndivyo kinavyobadilika upesi, kama kundi la mbuzi: wakiwa wengi, huzaliwa wengi zaidi. Badiliko la kitu cha namna hiyo ni kitu kile kile kikizidishwa kwa namba moja, tuiite r. Basi mwendo ni umbali mara r, na badiliko la mwendo ni umbali mara r, tena mara r. Tukitia hayo katika hesabu ya taa, umbali wote waondoka, yabaki haya tu: r² + 2r + 5 = 0. Hesabu iliyowasumbua wakubwa imekuwa hesabu ambayo mwanafunzi wa shule aweza kuifanya!

Kama ingalikuwa r² + 3r + 2 = 0, jawabu ni -1 na -2. Namba mbili za kawaida kama hizi zatuambia kwamba kitu hakipembei. Hurudi polepole, kama jiwe lililotundikwa ndani ya asali. Lakini hesabu ya taa yetu yataka namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe yatoa -1, na kati ya namba za kawaida haimo. Wengi waliiita namba isiyowezekana. Euler hakuitupa. Tukimwita i, jawabu ni -1 + 2i na -1 - 2i: ile -1 hueleza jinsi taa inavyopungukiwa na mwendo, na ile 2 hueleza wepesi wa kwenda na kurudi kwake.

Mwezi wa Septemba 1739 Euler alimwandikia mwalimu wake habari za njia hii. Alikuwa na miaka 32, na Bernoulli miaka 72. Jambo hili lilimtatiza mzee: namba isiyowezekana itaelezaje mwendo uonekanao kwa macho? Mwezi wa Oktoba 1740 Euler alimwandikia tena. Alionyesha hesabu moja ya kupembea yenye jawabu la sura mbili, moja ya namba zile za ajabu, na moja ya namba za kawaida. Zote mbili zaanza mahali pamoja, kwa mwendo mmoja. Basi hazina budi kuwa kitu kimoja. Mwaka 1743 njia yake ikapigwa chapa.

Bernoulli hakuwa mwepesi wa kumsifu mwenziwe. Aligombana na nduguye Jakob kwa ajili ya hesabu, na mwaka 1734 alimkasirikia hata mwanawe Daniel, kwa kuwa waligawiwa tuzo moja huko Paris. Lakini katika barua ya mwaka 1745 alimwita Euler mkuu wa wanahesabu. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Euler alifariki mwaka 1783, akiwa kipofu, naye hakuacha kazi hata mwisho. Njia yake hutumika hata leo katika springi za magari na katika nyumba za kustahimili tetemeko la nchi. Nasi walimu, tukumbuke ya kuwa mambo haya yote yalianza kwa mlango uliofunguliwa Jumamosi alasiri, mtoto akaruhusiwa kuuliza. Tusiifunge milango yetu, wala tusione haya siku mtoto yule atakapotupita.