Springi za Nyuma Katika Barabara za Kajiado

Katika barabara inayotoka Athi River na kupita Kitengela, Isinya, Kajiado na Bisil hadi Namanga, sehemu ya gari inayochoka mapema aghalabu ni ya nyuma. Huko ndiko mzigo unakolala: mchanga wa mitoni, mawe ya marumaru, saruji, mifugo, abiria na masanduku yao. Lami yenyewe haina ubaya mkubwa tangu ilipojengwa upya na kuzinduliwa mwaka 2012. Taabu huanza gari linapoiacha na kuingia kwenye udongo mweusi wa mbuga. Mvua ikinyesha, udongo huo hunata. Jua likiwaka, nyayo za magurudumu hukauka zikawa mitaro migumu, na kila gari linalofuata hupigwa humo.

Springi iliyotawala huku kwa miongo mingi ni ya bapa, yaani vipande virefu vya chuma, au majani, vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kubanwa kwa bolti. Ni ya kale kuliko gari la injini: Mwingereza Obadiah Elliott alipata hataza ya springi za namna hiyo mwaka 1804, kwa ajili ya magari ya farasi. Sifa yake kubwa ni kwamba hufunguliwa jani kwa jani. Kwa hiyo mwenye lori au pikapu hakujiuliza abadilishe springi lini. Alijiuliza jani lipi limekufa, na kama la gari bovu lililoegeshwa nyuma ya gereji lingeingia mahali pake.

Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kufanya kazi bila leseni ya uchukuzi, na pikapu zilizofungwa bodi za kubeba watu zikazidi kuenea. Mapato yalihesabiwa kwa vichwa, na springi zikalipa gharama. Dawa ya mafundi ilikuwa kuongeza jani. Gari liliinuka nyuma likaonekana jipya, lakini dawa hiyo ilihamisha ugonjwa tu: springi isiyopinda hupeleka kishindo kwenye pini, kwenye bushi na hatimaye kwenye fremu, na fremu ikipasuka hakuna jani la kuiokoa.

Dalili alizosoma fundi hazijabadilika sana. Gari lililoegeshwa mahali tambarare bila mzigo, likainama upande mmoja, lina springi iliyolegea au kukatika. Tairi iliyolika mabonde mabonde huelekeza kidole kwa shokamzoba, na shokamzoba yenyewe ikitiririka mafuta haihitaji shahidi mwingine. Kona ya gari dogo hukandamizwa kwa mikono kisha ikaachiwa. Ikiendelea kupanda na kushuka badala ya kutulia, shokamzoba imekwisha. Bushi hujaribiwa kwa mtaimbo: hupenyezwa na kusukumwa, na chuma kikicheza ndani ya mpira uliochanika, muda wake umepita. Kinachofichua zaidi ni mdomo wa jani lililovunjika. Ukimetameta wote, limekatika siku hiyo. Ukiwa nusu umeshika kutu na nusu unang'aa, ufa ulikuwepo muda mrefu na gari liliendelea kupakiwa.

Kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, chini ya Waziri John Michuki, zilipunguza msongamano wa abiria ndani ya matatu. Matatu ndogo zilibanwa kwenye abiria 14, kila mmoja na mkanda wake, pamoja na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Kanuni hazikuandikwa kwa ajili ya springi, lakini huenda springi za matatu hizo ndizo zilizofaidi kimyakimya.

Mabadiliko makubwa zaidi yaliletwa na magari madogo yaliyotumika Japani, Probox likiwa mfano unaojulikana zaidi. Nyuma lina springi za koili. Koili haina jani la kutoa wala la kuongeza. Ikilegea au kukatika hung'olewa nzima, na busara ni kubadilisha ya kushoto na ya kulia pamoja, la sivyo gari litakaa mshazari. Desturi ya kungoja mpaka kitu kivunjike, iliyovumilika kwa bapa, ikawa ghali. Wengine bado huingiza mpira mgumu kati ya mizunguko ya koili ili gari lisikae chini, na huo ni ukoo uleule wa jani la nyongeza.

Jani lililokufa halikutupwa. Chuma chake kina ugumu na mnyumbuko unaofaa makali, na wahunzi wa Kimaasai, Ilkunono, waliokuwa wakifua mikuki na sime tangu kabla ya magari, walipata humo malighafi iliyo tayari: bapa, ndefu, inayohitaji kukatwa, kupashwa moto na kunolewa. Koili lazima inyooshwe motoni kwanza. Nyingi huishia kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu.