Kanuni Iliyoitangulia Kompyuta

Mwaka 1928 jarida la Mathematische Annalen la Ujerumani lilichapisha makala ya wanahisabati watatu wa Chuo Kikuu cha Göttingen: Richard Courant, Kurt Friedrichs na Hans Lewy. Kompyuta hazikuwapo, wala wao hawakuwa wakitafuta mwendo wa upepo au maji. Walitaka kuthibitisha kwamba milinganyo fulani ya fizikia kweli ina majibu. Ili kufika huko, waligawa nafasi katika vipande vidogo na muda katika hatua fupifupi.

Njiani wakakuta kanuni. Tuseme wimbi linasafiri mita 300 kwa sekunde, na kila kipande kina upana wa mita 3. Katika hesabu za namna yao, hatua moja ya muda haipaswi kuzidi sehemu moja ya mia ya sekunde. Ikizidi, wimbi huwa limeshapita mahali ambapo hesabu haijafika. Makosa madogo huzaana, tarakimu hufura, na jibu hukosa maana kabisa.

Mwaka 1933 Wanazi wakashika dola. Courant, Myahudi, aliondolewa chuoni. Lewy naye akahama. Friedrichs hakuwa Myahudi, lakini mchumba wake Nellie alikuwa, na sheria za Hitler zilikataza ndoa kama hiyo. Mwaka 1937 wakakimbilia Marekani. Hasara hiyo Ujerumani ilijitia yenyewe.

Courant alipokewa na Chuo Kikuu cha New York, akajenga taasisi ambayo leo ina jina lake. Hapo ndipo kanuni ilipokutana na mashine: mwaka 1953 kompyuta ya UNIVAC ilifungwa chuoni hapo. Peter Lax, aliyefika New York kutoka Budapest akiwa kijana, akasomea udaktari chini ya Friedrichs, kisha akabuni njia za kuhesabu mawimbi ya mshtuko. Ile aliyoitoa na Burton Wendroff mwaka 1960 ingali inafundishwa.

Göttingen, chuo kilichowaachia watatu wale swali lisilo na mnunuzi, kilistahili shukrani za wahandisi ambao hawakuwa wamezaliwa. Mwaka 1967 jarida la utafiti la IBM liliichapisha upya makala ile kwa Kiingereza, na leo mhandisi anayehesabu hewa inavyopita kwenye bawa la ndege hukagua namba ya Courant, inayotokana na kanuni ile.