Redio ya upepo kwenye boti: namna ya kuitumia kwa usalama

Redio tunayoizungumzia hapa si ile unayotusikilizia nyumbani. Hiyo ya nyumbani hupokea tu: sisi tunasema, wewe unasikia, na hata ukipiga kelele hatukusikii. Redio ya upepo ya majini hupokea na pia hutuma sauti. Ni ndogo, inashikika kwa mkono mmoja, na mtu aliye katikati ya ziwa anaweza kuitumia kuomba msaada mahali ambapo simu haina mtandao.

Nyakanazi ni njia panda ya barabara, haina ziwa. Lakini wapo wasikilizaji wetu wanaokwenda mialo ya Chato na Muleba kununua dagaa, na wapo wenye vijana wanaovua huko usiku. Makala haya ni kwa ajili yao, na kwa ajili ya ndugu wanaobaki nyumbani wakisubiri.

Kwa nini simu peke yake haitoshi

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na karibu nusu yake iko Tanzania. Minara ya simu ipo nchi kavu na kwenye baadhi ya visiwa, kwa hiyo ukienda mbali mtandao hudhoofika au hukatika. Simu pia humwita mtu mmoja tu. Ukimpigia kaka yako aliyelala Biharamulo, hata akipokea hana boti. Redio husikiwa kwa pamoja na kila mwenye redio iliyo kwenye chaneli hiyo na aliye karibu, na wa karibu ndiye anayeweza kukufikia.

Tuliliona jambo hilo mkoani kwetu. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43, wavuvi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuifikia. Watu 24 waliokoka na 19 walifariki. Ajali ile ilitokea asubuhi, jirani na ufukwe, na watu waliiona kwa macho. Boti inayozama saa nane usiku, kilomita 10 kutoka mwaloni, haionwi na mtu. Ni lazima isikike.

Na usiku ndio wakati wa hatari. Dhoruba nyingi za Ziwa Victoria huzuka usiku hadi alfajiri, pale upepo unaotoka nchi kavu za pande zote unapokutana juu ya maji yenye joto. Saa hizo ndizo wavuvi wa dagaa wanakuwa kazini na taa zao. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu 3,000 hadi 5,000 hufa kila mwaka katika ziwa hili, kwa nchi zote tatu zinazolizunguka.

Kabla ya kununua: uliza nani atakusikia

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika makala haya. Redio moja ni nusu ya mawasiliano. Kama mwaloni kwenu hakuna mwenye redio, na boti mnazovua nazo hazina, utazungumza na maji. Kabla ya kutoa pesa, kaeni na kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, yaani BMU, mkubaliane mambo matatu: nani atabaki na redio nchi kavu usiku, atasikiliza chaneli gani, na atamwita nani akisikia mtu anaomba msaada.

Ulizeni pia ofisi ya TASAC, shirika linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, ni kituo gani kinachosikiliza eneo lenu. Matumizi ya masafa ya redio nchini yako chini ya TCRA, hivyo ulizeni utaratibu wa kibali kabla ya kuanza kutumia.

Nunua redio iliyotengenezwa kwa ajili ya majini. Redio za upepo za bei rahisi zinazotumiwa na walinzi na kwenye sherehe nyingi hazivumilii maji, na zikiwekwa masafa ovyo zinaweza kuingilia mawasiliano ya watu wengine. Tazama kama redio imeandikwa IPX7. Maana yake ni kwamba inaweza kuzama maji ya mita 1 kwa dakika 30 bila kuharibika. Kuna aina zinazoelea zikianguka majini. Hizo ni bora zaidi.

Inafika umbali gani?

Wauzaji hutaja kilomita nyingi. Ukweli ni kwamba mawimbi ya redio hizi, zinazoitwa VHF, husafiri kwa mstari ulionyooka, na dunia imepinda. Jambo linaloamua ni urefu wa antena kutoka usawa wa maji. Watu wawili walioketi kwenye mitumbwi miwili husikilizana kwa kilomita chache. Zikifika nane ni bahati. Lakini mtu huyo huyo akiongea na kituo chenye antena juu ya mnara wa mita 30, anaweza kufika kilomita 20 na zaidi kidogo. Ndiyo maana antena ya mwaloni ifungwe juu kadiri inavyowezekana, kwenye mlingoti au kilimani. Kisiwa au kilima kikikaa katikati yenu, sauti inaweza kukatika kabisa.

Vitufe na kazi zake

Redio za kampuni mbalimbali hutofautiana, lakini karibu zote zina vitu hivi:

Swichi ya kuwasha na sauti. Ongeza sauti hadi uisikie juu ya mlio wa injini.

Kidhibiti cha mkwaruzo, huandikwa SQL. Kipunguze hadi usikie mkwaruzo, kisha kipandishe taratibu mpaka mkwaruzo unyamaze. Ishia hapo hapo. Ukikipandisha kupita kiasi, sauti dhaifu ya mtu wa mbali haitakufikia.

Kitufe cha chaneli 16. Hii ndiyo chaneli ya dharura na ya kuitana, duniani kote. Redio nyingi zina kitufe chake peke yake, cha rangi nyekundu au chenye namba 16.

Kitufe cha nguvu, huandikwa H/L. Nguvu ndogo ni wati 1, kubwa ni wati 5 au 6. Kwa mazungumzo ya karibu tumia ndogo, maana kutuma kwa nguvu kubwa hula betri haraka. Kwa dharura tumia kubwa.

Kitufe kirefu cha ubavuni. Ukikibonyeza unatuma, ukikiachia unasikiliza.

Namna ya kuongea

Sikiliza kwanza kuhakikisha hakuna anayeongea. Shika redio antena ikiwa wima, iwe sentimita tano hivi kutoka mdomoni. Bonyeza kitufe, subiri kama sekunde moja, kisha sema kwa sauti ya kawaida na taratibu. Ukipiga kelele, maneno huvurugika. Ukimaliza sema "badilisha", kisha achia kitufe. Wengi hukosea hapo: wanaendelea kubana kitufe wakisubiri jibu. Ukiwa umekibana husikii kitu, na pia umewazibia njia wengine wote. Kitufe kilichokwama chini ya nyavu kinaweza kuziba chaneli ya dharura usiku mzima.

Chaneli 16 si ya kupiga soga wala kuulizana bei ya dagaa. Mwite mwenzako hapo, akijibu hamieni chaneli nyingine mliyokubaliana.

Maneno ya dharura

Neno la dharura duniani kote ni MAYDAY, na hutamkwa "meidei". Lilianza kutumika mwaka 1923 katika uwanja wa ndege wa Croydon, London. Mfanyakazi wa redio pale, Frederick Mockford, alilichagua kwa kuwa linafanana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya "nisaidie", na marubani wengi walikuwa wanatoka Ufaransa. Hutumika pale tu maisha yanapokuwa hatarini sasa hivi: boti inazama, inaungua, au mtu ameanguka majini na haonekani.

Baada ya neno hilo unaweza kuendelea kwa Kiswahili. Kwa mfano, boti iitwayo Tumaini iliyotoka Nyamirembe kwenda Maisome itasema:

"Meidei, meidei, meidei. Hapa ni boti Tumaini, Tumaini, Tumaini. Meidei, Tumaini. Tupo kusini mwa kisiwa cha Rubondo, tumetoka Nyamirembe. Namba za mahali: mbili nukta nne nane Kusini, thelathini na moja nukta saba sita Mashariki. Boti inaingia maji na injini imezimika. Tunaomba msaada wa haraka. Tupo watu sita, wote wana majaketi okozi. Boti ni ya bluu, tunamulika taa nyeupe. Badilisha."

Angalia mpangilio wake: jina, mahali, tatizo, msaada, idadi ya watu. Mahali huja mapema kwa sababu redio ikikatika katikati ya maneno, angalau wamejua wapi pa kuja. Namba za mahali unazipata kwenye redio yenye GPS, au kwenye simu ya kisasa. GPS ya simu hufanya kazi hata pasipo mtandao na pasipo bando, mradi programu ya kuonyesha namba hizo imewekwa mapema. Jifunze kuisoma ukiwa nyumbani.

Ukikaa kama dakika moja bila jibu, rudia. Jaribu pia chaneli ya mwalo wenu. Simu ikipata mtandao, piga 112 ya polisi au 114 ya zimamoto na uokoaji. Boti ikipinduka, ishikilieni, msiogelee kwenda nchi kavu. Boti ya mbao iliyopinduka mara nyingi huelea, na ni rahisi kuionea mbali kuliko kichwa cha mtu.

Kama injini imezimika lakini hakuna anayekaribia kufa, usiseme meidei. Sema PAN-PAN, linalotamkwa "pani-pani", mara tatu, kisha eleza tatizo lako. Meidei ya uongo ni kosa, na inaweza kuwatoa waokoaji kwa mtu anayezama kweli.

Na wewe ukisikia meidei, nyamaza na uandike ulichosikia. Kama hakuna anayejibu, mjibu wewe. Kama huwezi kumfikia, irudie taarifa yake ili walio mbali waisikie: anza na "meidei rilei" mara tatu, taja jina la chombo chako, kisha sema aliyoyasema yeye.

Tahadhari za redio yenyewe

Ifunge mwilini, kwenye jaketi okozi, kwa kamba imara. Redio iliyo ndani ya sanduku huzama na sanduku.

Usitume ukiwa unamimina petroli kwenye injini. Mvuke wa petroli unaweza kushika moto.

Usitume bila antena, utaiunguza redio. Usiibebe kwa kushika antena.

Radi ikipiga karibu, usisimame na kuinyoosha redio juu. Inama chini ndani ya boti.

Kausha sehemu za kuchajia kwanza, ndipo uchomeke chaja. Tumia chaja iliyokuja na redio. Betri iliyovimba au iliyopasuka itupiliwe mbali na moto, isirudishwe kwenye redio.

Penye umeme wa shida, chaji kwa sola mchana na uwe na betri ya akiba ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Wanaotumia redio baharini waisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi baada ya kazi. Kwa ziwani, ifute mchanga na magamba ya samaki.

Kabla ya kutoka mwaloni

Betri imejaa. Redio imejaribiwa na mtu wa nchi kavu na amejibu. Kila mtu botini, si nahodha peke yake, anajua kuwasha, kwenda chaneli 16 na kubonyeza kitufe, maana nahodha anaweza kuwa ndiye aliyeanguka majini. Majaketi okozi yamevaliwa. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, umesikilizwa, na kama umetoa onyo la upepo mkali, safari imeahirishwa. Mtu aliyebaki anajua mnakwenda wapi na mnarudi saa ngapi.

Redio haizuii dhoruba na haielezi boti iliyojaa kupita kiasi. Kazi yake ni moja: kumfikishia mtu sauti yako wakati bado kuna muda wa kukufikia. Kwa hiyo anayebaki mwaloni naye asizime yake hadi boti ya mwisho irudi.