Nusu kaputi na mwendo wa damu

Wengi mmeniuliza kwa nini siku hizi nusu kaputi inakuwa sindano mbili tatu badala ya moja. Haya, leo tupige historia kidogo.

Zamani mgonjwa alivutishwa etha nyingi mpaka misuli ilegee. Mwaka 1934 Wamarekani wakaanza kutumia thiopentali, dawa ya mshipani inayolaza mtu chini ya dakika moja. Tatizo, misuli haikulegea vya kutosha. Mwaka 1942, Montreal, Kanada, Harold Griffith na Enid Johnson wakaongeza kurare, ile sumu ya mishale ya Amerika Kusini. Kazi ikagawanyika: dawa moja inalaza, nyingine inalegeza misuli ili mrija wa hewa upite kooni.

Katikati ya hizo mbili pana hatari. Mgonjwa amelala, hapumui, na mrija bado. Kama tumbo limejaa, matapishi yanaweza kuingia mapafuni.

Kumbe dawa ya kwanza huweza kuichelewesha ya pili! Dawa ya kulegeza hubebwa na damu hadi kwenye misuli. Thiopentali, na propofoli iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1989, hupunguza nguvu ya moyo na kushusha presha, hivyo damu huenda pole pole. Ketamini na etomideti haziulemei moyo namna hiyo. Ndiyo maana rokuroniamu, iliyoruhusiwa mwaka 1994, huelekea kushika upesi zaidi ikitanguliwa na hizo. Ni sekunde tu, lakini sekunde hizo ni pumzi ya mtu.

Houston wanaijua hesabu hii ya mioyo dhaifu: ndiko Denton Cooley alikopandikiza moyo mwaka 1968.

Ila Texas ina ukurasa mwingine. Tarehe 7 Desemba 1982, Huntsville, njiani kati ya Dallas na Houston, Charles Brooks, aliyehukumiwa kwa mauaji ya Fort Worth, akawa mtu wa kwanza Marekani kuuawa kwa sindano kisheria: thiopentali, pankuroniamu ya kulegeza misuli, kisha potasiamu. Kwa miaka mingi mawakili walibishana mahakamani: je, ya kwanza isiposhika sawasawa? Mtu atakuwa macho, anaumia, na hawezi kutikisa hata kope. Thiopentali ilipoacha kutengenezwa Marekani mwaka 2011, Texas ikahamia pentobabitali, na tangu 2012 hutumia hiyo peke yake.

Kwa hiyo wandugu, msiidharau ketamini ya hospitali zetu za wilaya eti ni dawa ya maskini. Haimwangushi mtu presha kirahisi, na kwa kawaida humwacha apumue mwenyewe. Na mkienda kupasuliwa, msimfiche mtaalamu wa usingizi ugonjwa wa moyo, wala ile chai na chapati ya alfajiri.