Herufi moja, namba tatu: historia fupi ya "ye"

Safari hii tunaongelea herufi moja tu ya Kiarabu, inaitwa ye (ي). Ni kitu kidogo, lakini kinaweza kufanya jina la mtu likose kuonekana kwenye orodha. Na tusiseme ni mambo ya wengine: hata Kiswahili chetu kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya hizi za Kilatini.

Kwanza tuelewane: kompyuta haijui herufi, inajua namba. Ukibonyeza A kubwa kwenye simu, ndani inahifadhiwa 65. Utaratibu huo ulitoka Marekani mwaka 1963, unaitwa ASCII, na ulikuwa na nafasi 128 tu. Kiarabu hakikupata hata moja.

Mwaka 1987 ikatoka orodha ya kimataifa ya herufi za Kiarabu, ISO 8859-6. Humo ye ilikuwa 234. Lakini Windows nayo ilikuwa na orodha yake ya Kiarabu, na humo ye ni 237. Na 234 je? Kwa Windows hiyo ni ê ya Kifaransa! Barua ikiandikwa kwa orodha moja na kufunguliwa kwa nyingine, unapata vurugu tupu.

Mwaka 1991 ikaja Unicode, orodha moja kwa maandishi ya dunia nzima. Kanuni yake ni hii: namba inapewa herufi, si umbo. Ye ina maumbo manne: ikiwa peke yake, mwanzoni, katikati na mwishoni mwa neno. Yote ni 1610. Programu ndiyo inachagua umbo la kuonyesha.

Hapo ungedhani mambo yameisha. Wapi! Wairani wanaandika ye ya mwishoni bila nukta mbili za chini, ila mwanzoni na katikati wanaziweka. Kwa hiyo ya kwao (ی) ikapewa namba yake, 1740. Halafu kuna alifu maksura (ى), herufi ya Kiarabu inayofanana na ye isiyo na nukta lakini inasomwa "a". Hiyo ni 1609. Na huko Misri na Sudan watu wengi wana desturi ya kuandika ye ya mwishoni bila nukta. Basi kwenye simu mmoja anabonyeza 1610, mwenzake 1609.

Chukua jina Ali. Likiwa na nukta (علي) ni Ali. Bila nukta (على), kwa kamusi, ni neno lenye maana ya "juu ya". Msudani akisoma hapati shida, anaelewa kutokana na maneno yaliyo jirani. Lakini kompyuta inalinganisha namba tu: 1609 si 1610, kwa hiyo inajibu kwamba jina halipo.

Tangu vita vya Sudan vianze Aprili 2023, watu wengi sana wamevuka mipaka kwenda Chad, Sudan Kusini, Misri, Uganda na kwingine. Mtu aliyefika na jina lake tu, ukimwambia "haupo kwenye orodha", umemwambia neno zito. Anaweza kurudi mikono mitupu wakati jina lake limo humo humo.

Kwa hiyo, ninyi mnaokaa kwenye meza za kuandikisha: kabla ya kusema hayupo, jaribuni ye zote tatu, kisha tafuteni kwa jina la baba au kwa namba ya kadi. Na ninyi mafundi wa programu: wakati wa kutafuta, zihesabuni ye hizi kuwa kitu kimoja. Ila jina lenyewe liacheni libaki kama mwenyewe alivyoliandika. Ni lake.